Maziwa ya Bibi Feza

Shangazi Nyota hakubisha hodi. Aliingia chumbani kwa baba na mkeka kwapani, akautandika chini ya dirisha, akaketi, akatutazama mmoja mmoja kana kwamba anauliza ni nani mwenye ubavu wa kumtoa. Hiyo ilikuwa siku ambayo baba yangu, Mzee Amuri, alishindwa kunyanyuka kitandani peke yake. Daktari alikuwa ametuambia tumrudishe nyumbani akapumzike, na alipokuwa akisema hivyo macho yake yalikuwa kwenye viatu vyake. Sisi si watoto. Tulielewa.

Hakuna aliyemtoa Shangazi. Hata kaka yangu Assumani, aliyesoma dini kule Kasongo na tangu arudi anaona haramu hata ndani ya sufuria ya maharage, hakufungua mdomo. Asubuhi ile ile alikuwa amewarudisha majirani wawili wa kike waliotaka kuingia kumpa pole mgonjwa; aliwaambia wasalimie wakiwa barazani, chumbani wanaingia maharimu peke yao, wanawake asioweza kuwaoa. Lakini Shangazi Nyota alikuwa maharimu. Alikuwa dada wa baba, dada wa maziwa.

Kwa asiyejua mambo yetu sisi Waislamu wa Kisangani, nieleze kidogo. Mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenzake, mtoto huyo amekuwa wake. Watoto aliowazaa mwenyewe, waliotangulia na watakaofuata, wote ni ndugu wa mtoto huyo. Hawaoani maisha, lakini pia hawafichani. Dada anaingia chumbani kwa kaka yake, anamlisha, anamfunika shuka, na siku akifa anaitwa amwone uso kabla sanda haijafungwa. Bibi Feza, mama yake Shangazi Nyota, alimnyonyesha Amuri. Hayo tuliyajua tangu tuko wadogo. Maziwa hayo ndiyo yaliyompa Shangazi mahali pa kutandika mkeka wake. Bila hayo angekuwa bibi mzee jirani, asiye mke wala mtoto wa mtu nyumbani kwetu, wa kupewa kiti barazani na kuambiwa asante kwa kuja.

Mimi naitwa Rachida. Nauza vitenge soko kuu, na wenzangu wa sokoni husema nina mdomo. Sikatai. Ila nilipokuwa nashinda kwenye chumba kile, nikimgeuza baba ubavu huu na ubavu ule, nilijifunza kunyamaza na kumsikiliza Shangazi.

Kila mchana baba akiwa macho, alimsimulia Stan. Hakusema Stanleyville, jina la kale la Kisangani yetu, hata siku moja. Ni Stan tu, kama mtu anayemtaja mtoto wa jirani. Walizaliwa wote wawili ng'ambo ya kushoto ya mto, karibu na reli, katika nyumba mbili zilizogawana ua mmoja na choo kimoja. Babu yangu alikuwa fundi wa treni ya Ponthierville, leo yuko, kesho hayuko. Baba yake Nyota alikuwa mshoni wa kanzu na makoti ya makarani. Ng'ambo ya pili, kulia, ndiko kulikokuwa na mji wa wazungu, wenye barabara za lami na maua yaliyokatwa sawasawa.

"Yaya Amuri, unakumbuka sirène?" Shangazi alikuwa akianza hivyo; sirène ni king'ora. Tangu ujana wake alimwita baba yaya, yaani kaka. "Bazungu banapiga sirène magaribi, na mutu mweusi yote anapaswa kutoka mu ville. Siye tuko batoto, tuko na sahani ya kalanga ku kichwa, tunakimbilia bac ya kuvuka mto. Weye ukaanguka, kalanga yote ikamwangika ku macadam. Ulikuwa unalia, unataka kuokota. Miye nikakuvuta mukono."

"Ulinivuta sana," baba alijibu kwa sauti iliyobaki kidogo. "Mukono iliniuma mpaka Ijumaa."

Nikisikia hayo nilikuwa nachemka. Baba zetu ndio waliobeba mawe ya zile nyumba, na jua likizama wanafukuzwa kama kuku waliokanyaga mchele. Shangazi hakuwa na hasira hiyo. Kwake yeye Stan ilikuwa mahali ambapo Amuri alikuwa na miguu myepesi na bega zima, basi. Alikumbuka harufu ya magunia ya kahawa bandarini, meli inayopiga honi huko chini na watoto wote wa reli wanakimbia kuiona, mama yake Feza akiosha mchele na kuimba bila maneno. Mama huyo alikufa Nyota akiwa bado hajaota meno ya pili, na kila alipomtaja alishusha sauti.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya ubao. Fadhili, kaka yake wa tumbo moja, mkubwa kwake kwa mbali, ndiye aliyekuwa akiwapeleka chuoni kusoma Kurani. Siku moja mvua ilinyesha mpaka njia ya karakana ya treni ikawa mto. Fadhili, kijana ambaye ndevu zilikuwa zimeanza kumtoka na anazionea fahari, alimpandisha Amuri mabegani ili asilowe. Amuri, kwa akili yake ndogo, akauinua ubao wake juu ya kichwa uwe mwavuli. Wino ukayeyuka. Aya zote alizoandika usiku wa jana zikashuka usoni kwa Fadhili, zikaingia kwenye ndevu, na alipofika mlangoni mwalimu alishindwa kumpiga kwa sababu ya kucheka. Shangazi alikuwa akifika hapo naye anacheka, kisha machozi yanafuata. Fadhili alichukuliwa wakati wa vurugu za mwaka wa sitini na nne na hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna picha. Kuna uso mmoja tu wenye wino, nao ulikuwa kichwani mwa Shangazi Nyota.

Sasa niseme jambo ambalo kwetu kila mtu analijua, na kwenye harusi watu hulifanyia mzaha: Amuri na Nyota walikuwa waoane. Ilikuwa mwaka ule mji ulipoacha kuitwa Stanleyville. Wazee wawili walikuwa wamekubaliana, baba ameshaanza kazi ya useremala, na Nyota ana hina mikononi. Kabla ya kufunga ndoa, kwa desturi ya mtaa wao, mwalimu aliuliza kupitia pazia la wanawake: "Bamama, kuna maziwa kati ya hawa?"

Kwa kawaida wanawake hujibu hapana kwa pamoja, mtu anapiga vigelegele, mambo yanaendelea. Siku hiyo bibi mmoja wa mtaani, Mwadjuma, alisema: "Iko. Mwamini alikuwa mugonjwa ku lopitalo, mutoto analia. Feza akamunyonyesha. Niliona na macho yangu. Titi moja Fadhili, titi moja Amuri."

Feza alikuwa amekufa. Fadhili alikuwa amepotea. Majirani wengine wa zamani walikuwa wamekimbilia Opala na vijiji vingine wakati wa vita, na wengi hawakurudi. Babu yangu hakujua lolote, maziwa ni mambo ya wanawake na yeye alikuwa mtu wa treni. Basi wakamgeukia Mwamini mwenyewe, mama yake Amuri, nyanya yangu. Wanasema alijibu: "Ni kweli. Amuri alinyonya kwa Feza."

Harusi iliishia hapo. Pilau ililiwa, maana ilikwishapikwa. Kuanzia siku hiyo Nyota akaanza kumwita Amuri yaya.

Baada ya mwaka alipewa mfanyabiashara mmoja wa Bengamisa, mtu wa makamo mwenye maduka na wake wengine. Hakupata mtoto. Yule bwana alimvumilia miaka kadhaa, kisha akamrudisha na sanduku lake, na kwao hakukuwa na mtu tena. Ndipo baba akamjengea chumba uani kwetu, mkono wa kushoto wa kisima. Mama yangu, Aïcha, hakununa; dada wa maziwa ni wifi kama wifi mwingine. Shangazi alinilea mimi kuliko mama alivyonilea. Mama alipokufa, yeye ndiye aliyetufungia kilemba cha msiba, mimi na wadogo zangu.

Niliishi na hadithi hizi mbili, ya ubao na ya maziwa, zaidi ya miaka arobaini, wala hazikuwahi kugombana kichwani mwangu. Ziligombana siku moja tukiwa jikoni, tunamenya makemba, ndizi za kupika na kutwanga lituma, kwa ajili ya watu waliokuja kumwona mgonjwa. Shangazi alikuwa ametoka kusimulia tena habari za wino kwenye ndevu. Mimi nacheka, kisu kinatembea, mara kikasimama.

"Shangazi," nikasema, "Fadhili alikuwa na ndevu, na papa Amuri alikuwa mutoto wa kubeba ku mabega. Sasa balinyonya pamoja namna gani?"

Hakushtuka. Alitazama mlango wa chumba cha baba, kisha mlango wa uani, kisha akasema: "Punguza sauti."

Nikapunguza.

"Miye nilijua zamani," akasema. "Nilirudi kutoka Bengamisa, nyanya yako Mwamini alikuwa analala mugonjwa, miye njo nilikuwa namuogesha. Siku moja akaniambia: Nyota, enda umwangie Amuri maji ku kaburi, jua iko kali. Na Amuri iko hapa inje, anapasua kuni, ninasikia shoka."

Nilikuwa sijawahi kusikia kwamba baba ni wa pili. Katika ukoo wa nyanya yangu, mtoto mchanga akifa, anayezaliwa nyuma yake anapewa jina lile lile. Wanasema amerudi. Na akisharudi, yule wa kwanza hatajwi tena, nguo zake anavaa huyu, kitanda chake analala huyu, maana ukimtaja aliyekufa huyu aliye hai anaweza kuondoka kumfuata. Ndiyo maana siku ya harusi hata babu yangu hakumtaja. Amuri wa kwanza alizaliwa wakati mmoja na Fadhili. Ndiye aliyenyonya titi la Bibi Feza, ndiye aliyezikwa kabla hajatambaa. Baba yangu alizaliwa miaka mingi baadaye, baada ya nyanya kukata tamaa ya kupata mtoto tena. Hakulamba hata tone la maziwa ya Feza.

"Nikamuuliza," Shangazi akaendelea. "Mama, siku ile mwalimu aliuliza, juu ya nini ulisema ni kweli? Akaniangalia sana. Akasema: mutoto wangu hakukufa, alirudia. Basi ni yeye alinyonya."

Niliweka kisu chini. Sijui nilitaka kumpiga nani. Nilitaka kumfufua nyanya yangu nimwulize mara moja tu kwa ukali, na papo hapo nikaona kwamba asingekuwa na jibu jingine. Angesema nini? Kusema si huyu aliyenyonya, ni kusema mbele ya watu wote kwamba yule alikufa. Mwanamke aliyekuwa amekataa maneno hayo tangu siku ya mazishi. Hakusema uongo, maskini. Ndivyo alivyoamini.

"Na weye ulinyamaza!" nikamwambia Shangazi. "Miaka yote!"

"Ningesema kwa nani? Mama yako alikuwa na mimba yako." Alichukua ndizi nyingine, akaanza kuimenya. "Donc Amuri anioe juu ya Aïcha? Ao anifukuze, maana miye si dada yake tena, siwezi kulala mu parcelle yake? Nilihesabu pande zote, Rachida. Kama niko dada, ninamuona kila siku. Ninapika, anakula. Ananiita, ninaitika. Kama siko dada, siko kitu."

"Papa anajua?"

"Sikumuuliza. Na weye usimuulize." Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyenye utomvu wa ndizi. "Kama unasema, Assumani atanitosha mule chumba, atanifukuza. Yeye si mubaya, lakini atanitosha, sheria ni sheria. Niache nikae naye mpaka mwisho. Ni hiyo tu. Kisha useme unavyotaka."

Nikamwahidi. Tukatwanga lituma, wageni wakala, wakasifu.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na raha. Kila Assumani alipoingia na kitabu chake cha dua, nilikuwa natazama miguu ya Shangazi kwenye mkeka, kana kwamba itasema. Yeye mwenyewe hakubadilika. Alimpa baba uji kwa kijiko, alimfukuzia nzi, alimkumbusha majina ya watoto wa reli mmoja mmoja, na baba aliitikia kwa kope.

Halafu akaja Mzee Juma. Huyu alikuwa rafiki yao wa chuoni, bado anakaa ng'ambo ya kushoto, mtu wa masikio mazito anayeongea kama yuko juu ya meli. Alivuka mto kwa pirogi, akapanda toleka, baiskeli ya abiria, kutoka ufukweni mpaka kwetu, akafika na kijasho na mfuko wa machungwa. Tulimkalisha karibu na kitanda. Assumani alikuwa amekaa upande wa miguu. Shangazi alikuwa kwenye mkeka wake.

"Amuri!" Juma akapaza sauti. "Unakumbuka ubao? Ubao na mvua! Fadhili amekubeba ku mabega, mutu muzima na ndevu yake, wino inashuka, inashuka!" Akajipangusa uso kwa viganja viwili kuonyesha wino ulivyoshuka.

Baba alitabasamu. Nilikuwa sijaona meno yake kwa muda mrefu. Lakini Assumani alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye kitabu. Namjua kaka yangu. Akisikia jambo la sheria paji la uso linakunjana katikati.

"Fadhili?" akauliza. "Fadhili yule alinyonya pamoja na papa? Alikuwa na ndevu?"

Mimi mwenye mdomo nikamtupia macho Shangazi.

"Haikuwa Fadhili," Shangazi akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ni kibarua ya baba yangu, Moïse. Alikuwaka anabeba cherehani. Yeye njo alibeba Yaya Amuri siku ile."

"Moïse gani?" Juma akaja juu. "Nilikuwa pale! Nilikuwa nyuma yao! Wino iliingia mu ndevu ya Fadhili, weye mwenyewe Nyota ulicheka mpaka ukakaa chini mu maji!"

Baba akakohoa. Tukamgeukia sote. Ilimchukua muda kukusanya pumzi, na alipoikusanya hakumtazama Juma wala Assumani. Alimtazama Shangazi.

"Juma, umezeeka," akasema. "Nyota iko na haki. Haikuwa Fadhili. Fadhili na miye tulikuwa umri moja."

Nikaelewa wakati huo huo. Baba alijua. Alijua tangu lini, sijui. Pengine mama yake alimtuma naye akamwagie maji kaburi la Amuri, pengine alijua hata kabla ya Bengamisa, kwa kuhesabu ndevu za Fadhili kama nilivyohesabu mimi. Alijua na alimjengea chumba mkono wa kushoto wa kisima. Alijua na aliitikia kila mara alipoitwa yaya.

Assumani akarudi kwenye kitabu chake. Mzee Juma alibaki na mikono mapajani, uso umemwanguka. "Labda miye ninasahau," akasema polepole, bila kupaza sauti kwa mara ya kwanza. "Bon. Kichwa inaisha." Nikamwonea huruma sana. Alikuja na kumbukumbu moja nzima, safi, na sisi tukaivunja mbele yake, naye akaondoka akijishuku.

Shangazi alichukua kikombe cha uji, akatoka nacho. Nilimkuta kisimani anakiosha, anakiosha, kikombe kimeshang'aa.

"Nimemuuzisha Fadhili," akaniambia. "Hakuwa na kitu kingine, ni ile tu. Nimemupa Moïse. Hata hakuna Moïse."

Nikamkumbatia pale pale, na kikombe kikiwa kati yetu. Hakusimulia tena habari za ubao, hata tulipokuwa sisi wawili tu.

Baba alifariki adhuhuri, mvua ikinyesha. Assumani alikuwa anamsomea, mimi nimeshika mguu, Shangazi amesimama kichwani na kitambaa cha maji. Pumzi ilitoka, tukasubiri nyingine, haikuja. Shangazi alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya meza, akauchukua mkeka wake akatoka nao uani. Hakulia kwa sauti.

Wanaume walimwosha. Kabla ya kufunga sanda usoni, Assumani alitoka mlangoni, macho mekundu, akaita maharimu waje wamuage: mimi, wadogo zangu wa kike, na Shangazi Nyota. Tukaingia. Mimi na wadogo zangu tuliinama mmoja mmoja tukambusu baba paji la uso. Lilikuwa baridi na linanuka karafuu maiti. Ilipofika zamu ya Shangazi alisimama miguuni, mikono ameificha ndani ya kitenge.

"Shangazi, sogea," Assumani akamwambia kwa upole ambao sikuutegemea. "Ni ndugu yako."

"Nimemuona," akajibu. "Inatosha."

Assumani alidhani ni uchungu. Mimi nilijua ni nini. Maisha yake yote alilitumia lile jina la dada apate kumhudumia mtu aliye hai. Mbele ya maiti, na Mungu amekaribia namna ile, hakuweza kunyoosha mkono kwa jina lisilo lake. Alimkosa Amuri kwa mara ya pili, baada ya ile siku ya harusi. Akageuka, akatoka, nami nikabaki na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kumwangukia.

Tulimzika baada ya alasiri. Jioni ua ulijaa wanawake, wamekaa kwenye mikeka, wanakunywa chai, na kama ilivyo kawaida ya misiba yetu mazungumzo yakafika kwenye eda. Mke aliyefiwa huingia ndani kwa miezi yake, hatoki, hajipambi, anavaa nyeupe, anamkalia mume wake. "Maskini Amuri," mmoja akasema, "Aïcha alitangulia. Hana hata mutu wa kumukalia." Wengine wakaguna kukubali. Shangazi alikuwa kati yao, anapuliza chai yake.

Siku iliyofuata hakutoka chumbani. Nikasema amechoka, apumzike. Siku ya khitma vilevile hakutoka. Nikampelekea sahani ya wali, nikasukuma mlango.

Alikuwa amekaa kitandani, mgongo umenyooka. Hereni alikuwa amevua, na bangili ambazo sijawahi kuuona mkono wake bila hizo. Mwilini alikuwa na shuka nyeupe ya zamani, iliyofuliwa mpaka unaona kitanda upande wa pili.

"Unaumwa?" nikauliza.

"Hapana."

"Sasa?"

"Ninakaa."

Niliweka sahani chini. "Shangazi, eda inakaa bibi ya mutu."

"Najua. Kwa Mungu haitaandikwa, najua ile pia." Aliivuta shuka magotini. "Lakini balisema hana mutu. Nilisikia na masikio yangu. Siwezi kumuacha vile."

Nje Assumani alikuwa ananiita. Nilitoka, akaniuliza mbona Shangazi hajitokezi kwenye khitma ya ndugu yake, watu wanauliza. Nikamwambia miguu yake imevimba, tumwache ndani mpaka itakapopoa, na huenda ikachukua miezi. Akasema Mungu ampe afya. Kisha nikapanda toleka mpaka sokoni, nikafungua duka ambalo lilikuwa limefungwa tangu msiba uanze, nikatafuta kwenye rafu ya juu mpaka nikapata kitambaa cheupe, kizito, kisicho na ua hata moja.

Nilirudi nacho, nikafunga mlango. Nikamvua ile shuka iliyochakaa, nikamvisha kitambaa kipya kama wajane wanavyovishwa kwetu, kichwa mpaka miguu, naye akaniachia mikono yake kama mtoto. Nilipomaliza nikapiga magoti mbele yake. Kwetu, mke wa baba asiyekuzaa unamwita mama mdogo.

"Pole, mama mudogo," nikamwambia.

"Asante, mutoto yangu," akaitika.